Nilivyomtafuta Kaspari Hadi Mombasa

Tangu nirudi sijapata kuteka maji kwa amani. Nikifika kisimani, "Klara, enhe, ikawaje?" Nikitoka Misa, "Klara, hebu tupe habari." Hata jirani yangu, ambaye hatujasalimiana tangu mbuzi wake waliponilia kunde, juzi alikuja na jembe begani akijifanya anauliza hali ya Mama. Nimechoka kusimulia vipandevipande, kisha kila mtu anakwenda kushonea vya kwake. Basi nimeyaandika yote hapa. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na asiongeze chumvi.

Ninyi mnamjua Kaspari, lakini haya yatafika hata kwa wasiomjua. Kaspari ni ndugu yangu aliyenifuata kuzaliwa, seremala aliyefundwa kazi na misheni yetu hapa milimani Taita. Alikwenda vitani Burma, akarudi na kikohozi na maneno machache. Hakukaa. Alisema Mombasa kuna kazi na kuna mwenzake wa jeshini, akashuka na sanduku lake la vyombo. Akawa anatutumia salamu na sabuni, sisi tunamtumia maharagwe.

Kisha siku moja Mwakio, kijana wetu anayepakua mizigo gatini Mbaraki, alikuja likizo. Alisimama uwanjani baada ya Misa, watu wote wapo, akasema, "Poleni. Kaspari amefariki. Nimeona jeneza lake kwa macho yangu, limebebwa mabegani na watu wa kanzu na kofia, wanapokezana kama wafanyavyo Waislamu. Niliuliza ni nani, nikaambiwa ni Fundi Kaspari. Alikuwa amesilimu."

"Uliyafuata mazishi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nachelewa kazini."

Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na mlango wa kanisa. Macho yake hayaoni vizuri, lakini masikio anayo. Hakulia. Alisema, "Kumuombea nitamuombea tu, ni mwanangu. Ila nataka kujua nitamkuta wapi."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kugusa uji, Mama aliuliza swali hilo hilo. Padri wetu naye alisema, "Klara, siwezi kusoma Misa ya marehemu kwa uvumi, wala siwezi kuinyima kwa uvumi. Niletee habari ya kweli." Mume wangu akasema atabaki na Mama. Nikafunga kanga zangu mbili na viazi vya njiani, nikaondoka.

Kushuka hadi Voi

Nilipata lori la kabichi. Msicheke. Nilikaa juu ya kabichi kama kuku juu ya mayai, na dereva alinionya nisizivunje. Kabla hatujafika bondeni lori likakohoa, likazima. Dereva akaingia chini yake, ikabaki miguu tu inaonekana, na kila nilipomuuliza habari, miguu ilisema, "Sasa hivi, mama."

Jua likapanda. Nikala viazi. Akaja mwanamke mmoja na mtungi wake wa maziwa, akakaa nami kivulini, akauliza niendako. Nilimwambia nakwenda Mombasa kumtafuta ndugu yangu. Akauliza, "Amepotea?" Mtu aliyekufa hupotea? Nikasema, "Ndiyo, amepotea kidogo." Akanipa maziwa, akasema Mungu atamrudisha, nami nikanywa nikiwa na uchungu na aibu pamoja.

Voi hadi Mombasa

Treni ilikuja imechelewa, na ilipoondoka ikaona haya ya kukimbia. Mahali pamoja, pori tupu, ilisimama mpaka watu wakashuka wakawasha moto wa chai kando ya reli. Ikapiga filimbi chai ikiwa inachemka. Mnajua mtu anavyokimbia na sufuria ya chai ya moto? Nimeona.

Behewani nilikaa na mama mmoja wa Kikamba mwenye jogoo kikapuni. Aliponimenyea yai la kuchemsha nikajua ni mtu wa kuongea naye. Nilimweleza habari yote. Akatikisa kichwa. "Mombasa hubadilisha watu," akasema. "Mume wangu alikwenda huko na jina moja, akarudi na majina mawili na mke."

"Ndugu yangu si wa namna hiyo," nikasema. "Huyu alikuwa akichonga ubao, kengele ya saa sita ikilia anaacha hata kama patasi iko katikati. Anasimama na kusali, ndipo anaendelea. Mama alikuwa akimtania kwamba malaika akija kumwita, atamkuta anasimamisha kazi."

"Zamani," akasema yule mama, akamsukuma jogoo kichwa kirudi ndani. "Ulisema ameishi na nani huko?"

Nikageukia dirishani mpaka tukaona maji. Nilishangaa, sitadanganya. Nilimuuliza kama yananyweka, akacheka mpaka jogoo akawika.

Mbaraki

Mwakio alinipokea stesheni, akanipeleka chumbani kwake Mbaraki, karibu na gati. Mkewe Wakesho alikuwa amepika kitu cha kunikaribisha. Nikafunua sufuria. Lo! Mkono mrefu wenye vidonge vidonge umejikunja humo.

"Ni pweza," akasema Wakesho. "Ni mtamu, dada."

"Bado anaishi?"

Walicheka wakashikana. Nilikula mchuzi wake tu, na kwa kweli mchuzi ulikuwa mzuri, lakini yeye mwenyewe nilimwachia Mwakio.

Tulipomaliza nikamhoji Mwakio vizuri. Aliapa. Jeneza lilikuwa la msikitini, wabebaji ni watu wa Mji wa Kale. Tena yeye mwenyewe alipata kumtembelea Kaspari karakanani kwake, akamkuta amevaa kofia ya kazi ya mkono, ya watu wa pwani hasa. "Dada Klara," akasema, "mimi sipendi iwe hivyo. Lakini nimeona."

Wakesho akaniuliza kwa nini nisiende moja kwa moja kanisani kesho yake. Nilisema kanisani nitakwenda mwisho. Kanisa litaniambia alizikwa nao au hakuzikwa nao, basi. Mimi nilitaka kwanza kujua aliishije, alikula nini, alicheka na nani. Na ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Wakisema hawamjui, nitaulizia wapi tena?

Mbaraki hadi Kizingo, kwa makosa

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mwakio akiwahi kazini alinielekeza Mji wa Kale kwa mkono mmoja mlangoni: "Ifuate bahari tu, dada, huwezi kupotea." Shauri gani hilo la kumpa mtu kisiwani! Bahari iko kila upande. Nikaifuata hiyo niliyoiona kwanza, nikatokea Kizingo.

Kizingo ni kuzuri, na hakuna wa kumuuliza njia. Miti mikubwa, nyumba zimejificha ndani ya bustani, watu wanapita ndani ya motokaa wamefunga vioo, mbwa ndio wanaotembea kwa miguu. Nikabisha hodi kwenye lango moja, mbwa akaitikia. Akatoka mtunza bustani, Mgiriama mmoja aitwaye Kazungu, mtu mwenye huruma. Alinipa maji na kunikalisha kivulini.

Nikamtajia Kaspari. Kazungu akapiga paja lake. "Fundi Kaspari! Si ndiye aliyetengeneza madirisha haya! Angalia yanavyofunga, hayana hata mwanya wa kupita sisimizi."

Nikayatazama madirisha ya ndugu yangu. Nilitaka kuyagusa, lakini mbwa hakuwa na nia hiyo.

"Alikuwa mtu mzuri," Kazungu akaendelea. "Tena mshika dini. Ilikuwa Ramadhani. Jua kali hivi, nikampa chai, akakataa. Akasema amefunga."

Jamani. Nikamrudishia maji yake kabla sijayamaliza. Nilimshukuru, akanielekeza njia ya kweli, nikaondoka nikijisemea kwamba labda alifunga kwa jambo jingine. Nikamtafutia sababu hii na ile, kila niliyoiokota nikaitupa njiani.

Mji wa Kale

Nilipoingia Mji wa Kale njia zikawa nyembamba, juu kuna roshani za mbao, chini kuna harufu ya udi, kahawa na kitu kinachokaangwa. Milango ni mikubwa na imechongwa toka juu mpaka chini. Niliulizia fundi seremala kila kona, na kila niliyemuuliza aliniamkia kwanza, akauliza hali ya nyumbani na ya watoto, akamshukuru Mungu, ndipo akaniambia nikunje kulia. Kwa ukarimu huo nilichukua asubuhi nzima.

Hatimaye nikafika kichochoro chenyewe. Karakana ilikuwa imerudishwa mlango nusu. Mkabala wake, kwenye mlango wa nyumba, alikaa bibi mmoja amejitanda kanga, anachagua mchele kwenye ungo. Jina lake Bi Salma. Ndiye mwenye nyumba, karakana na chumba cha Kaspari vyote ni vyake. Lakini hayo niliyajua baadaye, maana sikumwambia mimi ni nani. Nilitaka kusikia maneno ambayo hayajapakwa asali kwa ajili ya mfiwa.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoka wapi?"

"Bara."

"Bara kukubwa. Ndoo, ndoo ukae kitako upumue. Jua la yeo si la mtu."

Nikaelewa kwamba ndoo yake ni njoo, na yeo ni leo, nikakaa. Nikasema natafuta fundi wa kitanda, nimesifiwa mmoja aitwaye Kaspari.

Mkono wake ukasimama kwenye mchele. "Umechelewa, mwanangu. Fundi ametutoka."

"Poleni, bibi. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu wa ibada," akasema mara moja. "Mimi nimeishi na mafundi wengi humu ndani. Huyu hakupitwa na sala. Kazi ingemzidi vipi, wakati ukifika huweka chombo chini."

"Na kufunga?"

"Akifunga! Mtaa ukifunga, naye hufunga."

"Alizikwa vipi?"

"Kwa heshima. Msikiti ulitoa jeneza, wanaume wa mtaa wote wakambeba. Hapa palijaa watu mpaka kule kwenye kona."

Basi. Nikaona yamekwisha. Nilianza kupanga kichwani jinsi nitakavyomwambia Mama, nikaanzia mwanzo, nikaanzia mwisho, kila namna ilikuwa mbaya. Nilimkasirikia Kaspari, kweli nilimkasirikia. Ungetuambia mwenyewe, nikasema moyoni. Ungekuja ukamwambia Mama.

Na hapo ndipo, ng'ambo ya kichochoro, ndani ya ile karakana iliyorudishwa mlango, nyundo ya mbao iligonga. Ko, ko, ko. Ikanyamaza kidogo. Ko, ko, ko. Ikanyamaza. Ko, ko, ko. Kisha ikagonga mfululizo, pole pole.

Ninyi mnaosoma haya hamhitaji kuelezwa. Ndivyo inavyolia kengele ya misheni yetu saa sita mchana, mara tatu tatu, kila siku ya Mungu, nanyi mkiisikia mnaweka jembe chini na kusali Malaika wa Bwana. Mimi sikufikiri. Miguu ilisimama yenyewe, mkono ukafanya ishara ya msalaba, nikaanza kusali katikati ya kichochoro cha Waislamu, machozi yananitiririka mpaka kidevuni.

Nilipomaliza, ungo wa mchele ulikuwa chini na Bi Salma amesimama ananikodolea mato, kama asemavyo mwenyewe.

"Kifanye tena kile," akasema.

"Kipi, bibi?"

"Kile cha mkono."

Nikafanya. Akanifuata kwa kidole chake hewani. "Kipaji, kifua, bega, bega. Ndivyo! Ndivyo alivyokuwa akifanya Fundi akisha kugonga! Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

Yule bibi alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Kizingo. "Athmani! We Athmani! Ndoo! Dadake Fundi amekuya! Nami namhadithia kama mteja wa kitanda!"

Akatoka karakanani mwanamume mwembamba, amevaa kofia, anachechemea, nyundo bado mkononi. Huyu Athmani ni mshona makubadhi, vile viatu vya ngozi vya pwani, na duka lake linapakana na karakana. Ndiye yule mwenzake Kaspari wa jeshini. Alinitazama usoni kwa muda, akasema, "Kweli. Paji la uso ni lile lile," kisha akageukia ukutani akajifuta.

Nikamuuliza kwa nini anagonga vile.

"Dada, mimi maana yake sijui sawasawa," akasema. "Kule Burma alikuwa akigonga kwenye bati lake la chakula, kila adhuhuri. Tukiwa tumejificha na hatutakiwi kutoa sauti, aligonga kwa kidole kwenye paja. Nilipovunjika mguu walinibeba kwa machela, yeye akiwa mbele, mvua na matope, njia haina mwisho. Adhuhuri moja nikasikia kidole chake kinagonga mti wa machela. Nikajua bado tuko hai. Alipokuja hapa akawa anagonga kwenye meza ya kazi."

"Na mtaa ukazoea," Bi Salma akadakia. "Nyundo ya Fundi ikilia, natia mchele. Adhana ikitoka, maji yamekauka. Basi kesho yake baada ya kuzikwa, saa sita ikapita kimya. Mwanangu, mtaa mzima ulikula bokoboko, wali umekuwa uji."

Athmani akacheka kidogo. "Wanawake walinipigia kelele madirishani. Lakini si kwa ajili ya wali, dada. Kile kimya ndicho kilichonishinda. Nikaingia, nikaokota nyundo."

Adhana ikatoka. Athmani akaniomba nimngoje asali Ijumaa, kisha atanipeleka kaburini. Nikataka kuuliza kaburini wapi, lakini alikwisha shika njia, na Bi Salma alikwisha nishika mkono.

Alinitandikia mkeka ndani, akaleta wali na samaki wa kupaka. Akasema, "Kula bila wasiwasi. Yeo ni Ijumaa. Najua."

"Unajua nini, bibi?"

"Kwamba hamli nyama." Akaketi, akanisimulia. Ijumaa ya kwanza ya Kaspari mtaani, majirani watatu walimletea pilau ya nyama baada ya sala, kama ilivyo desturi yao kwa mgeni. Kaspari akazipokea sahani zote, akashukuru, akazifunika. Jioni zikaonekana hazijaguswa. "Maneno yakaanza. Watu wanasema, Fundi anatudharau. Fundi anaona nyama yetu si safi. Nikamfuata mwenyewe. Nikamwambia, Fundi, tumekukosea nini? Maskini, jasho lilimtoka! Akasema, hapana mama, ni siku aliyokufa Bwana wetu, mimi siku hii sili nyama. Nikamwambia, si ungesema? Akasema aliona haya kukataa chakula cha watu. Tangu hapo kila Ijumaa nikawa nampikia samaki."

"Na Ramadhani, bibi? Mbona alifunga?"

"Haya zile zile! Alisema hawezi kutafuna mbele za watu wenye njaa. Akashinda nasi, magharibi akafuturu nasi. Kisha ikaja ile ya kwenu kabla ya Pasaka, akafunga tena. Nikamwambia, Fundi, wewe wafunga mara mbili kwa mwaka, utakonda uwe kama msumari."

Akanipandisha chumbani kwa Kaspari. Kitanda, sanduku la vyombo, rozari msumarini, kofia aliyoshonewa na mke wa Athmani. Ukutani kulikuwa na picha ya Mtakatifu Yosefu na msumeno wake. Bi Salma akaielekeza kidole. "Na huyu mzee! Siku nyingi nilidhani ni babu yenu. Nikamuuliza, Fundi, babu yako alikuwa Mzungu? Alicheka mpaka akakohoa."

Nikacheka nami, nikiwa nimeishika ile kofia. Ilikuwa bado na vumbi la mbao.

Kurudi Mbaraki

Athmani alinihadithia mazishi tukiwa tunatembea, maana alisema tutapita njia ile ile.

Kifua kilipombana Kaspari, alimwambia, "Athmani, niitie padri." Athmani akatoka mbio za kuchechemea, kiatu cha mteja mkononi, hakukumbuka kukiweka. Padri akaja, akafanya ya kwao. Alfajiri Kaspari akaondoka.

"Kanisa lilisema lina gari la kumchukua," akasema Athmani. "Nikasema, huyu haendi kwa gari. Aliyenibeba mimi haendi kwa gari. Nikaenda msikitini kuomba jeneza. Mzee mmoja akasema haliwezi kutoka kwa asiyekuwa Mwislamu. Imamu akamuuliza, mguu wa jeneza hili uliokatika, nani aliutengeneza? Fundi Kaspari. Na alichukua ujira? Hakuchukua. Imamu akasema, basi ni mbao, na ni mbao za mkono wake. Tukavua kitambaa cha msikiti, tukamfunika blanketi lake la jeshi."

Na hapa ndipo msikilize vizuri, maana ndipo Mwakio alipochanganyikiwa. Waislamu wakikutana na jeneza njiani hawalitazami tu. Kubeba maiti kwao ni thawabu, kwa hiyo mpita njia huacha shughuli zake, huingia chini ya mti wa jeneza hatua kadhaa, kisha humpisha mwingine. Basi kila kona watu wakazidi. Wenye maduka wakatoka, wachukuzi wakaweka mizigo, hakuna aliyeuliza ni nani. Mwenye kanzu akaona kanzu, akaingia.

"Sasa makaburi yetu ni upande ule," Athmani akasema akionyesha. "Sisi tukakunja upande huu. Nasikia nyuma, jamani, mbona tunakunja huku? Mwingine anasema, labda njia imefungwa. Tukatokea mbele ya kanisa. Lo! Watu walitazamana!"

"Wakaliachia?"

"Walio nyuma, baadhi walijiondoa kimya kimya. Waliokuwa chini ya jeneza, hakuna aliyeachia bega. Mmoja alinong'ona, si wetu? Nikamwambia, ni wangu. Akasema, haya, twende."

Tulifika kanisani. Padri wa pale, Mzungu mwenye ndevu, alimsalimu Athmani kwa jina. Niliposema mimi ni dada yake Kaspari akanishika mikono yote miwili. "Nilimpaka mafuta matakatifu mimi mwenyewe," akasema. "Siku ya mazishi nilifungua mlango nikaona kofia nyingi kuliko ninazoziona Jumapili. Nilidhani wamekosea nyumba. Wakanikabidhi mlangoni, wakangoja nje juani mpaka Misa ikaisha, wakambeba tena." Akaniambia nimpe padri wetu habari hiyo kama ilivyotoka kinywani mwake.

Nilikuwa nimekwisha kupata nilichokwenda kutafuta. Ningeweza kurudi stesheni pale pale. Lakini bado sikuwa nimefika kwake.

Tukaendelea. Nikaanza kuiona njia nisiyoijua ikigeuka kuwa njia ninayoijua. Duka lile la mkaa, ukuta ule mweupe. Athmani akasukuma lango. Makaburi ya Wakristo, Mbaraki! Kutoka pale niliona paa la nyumba ya Mwakio. Nilizunguka kisiwa kizima, Kizingo na mbwa zake, kumbe usiku nililala karibu na ndugu yangu. Na Mwakio hupita langoni pale kila asubuhi akienda kupakua mizigo.

Msalaba wa Kaspari ulikuwa wa mvule, umeinama kidogo. Nikausogelea. Mti wa kulala haukupigwa misumari. Ulikuwa umefungwa kwa ngozi nyekundu iliyopindwa na kushonwa, mishono midogo midogo ya kupendeza, ile ile ya makubadhi.

Athmani akatazama chini. "Nilijaribu kwa vyombo vyake, dada. Mbao ikapasuka mara mbili. Mimi si seremala, najua kushona tu. Basi nikashona." Kisha akaongeza haraka, kama mtu aliyeogopa amekosea, "Nilimuuliza padri kwanza kama inafaa."

Nilimwambia inafaa. Nilipiga magoti nikasali, naye akasimama pembeni ameinua viganja vyake, kila mtu kwa yake.

Jioni nilimkokota Mwakio mpaka pale, hata hajanawa. Alivua kofia yake, akaushika ule mshono wa ngozi, akautazama sana. "Mimi niliona jeneza," akasema.

"Uliliona mpaka kona," nikamjibu. "Kesho utapita hapa, usalimie."

Nyumbani

Safari ya kurudi haina maneno mengi. Treni ilichelewa, lori lilikuwa la magunia ya chumvi, nikapanda mlima nimebeba sanduku la vyombo kichwani na furushi la samaki wakavu wa Bi Salma, ambao mbwa wote wa njiani waliwafuata kwa heshima.

Mama alikuwa mlangoni. Sikumwacha aulize. Nilikaa chini, nikamsimulia toka kabichi mpaka msalaba. Nikamwekea mkononi kofia na rozari. Akavipapasa vyote viwili, akaivaa kofia kichwani mwake, akaomba uji, akaumaliza.

Misa mliihudhuria wenyewe, sina haja ya kuisimulia. Mtakumbuka Padri alipouliza kama kuna nia nyingine, Mama akasema kwa sauti, "Athmani, mguu wake upone." Mliogeuka kutazama, sasa mnajua ni nani.

Na mnaopita kwetu mchana, mkiona tumenyamaza ghafla, msidhani tumegombana. Kengele ya saa sita ikilia Mama huinua mkono wake, sote tunaacha kazi. Anangoja mapigo yote yaishe. Kisha husema, "Haya, na Athmani amegonga," ndipo tunaanza kusali.